Sura ya Sita: Mbwa wa Upenuni Siku ya Ngurumo

Vitabu vya kulea mbwa vinapofika kwenye radi huwa na ushauri mmoja: mwingize mbwa chumba cha katikati, funga madirisha, teremsha mapazia, washa redio, kaa naye mpaka mvua ipite. Ushauri huo ni sahihi pale mbwa anapoishi ndani. Lakini mbwa wa Mkongani anayefukuza nyani kwenye mahindi, wa Tiwi anayelala karibu na zizi la mbuzi, wa Ng'ombeni anayebweka geti likigongwa, hajavuka kizingiti cha nyumba tangu azaliwe, na mwenye nyumba hana nia ya kumvusha. Ngurumo zikianza, watu wanaingia ndani, mlango unafungwa, mbwa anabaki nje peke yake. Sura hii ni ya mbwa huyo. Naamini anaweza kusaidiwa hapo hapo alipo, uani, na kwamba sehemu kubwa ya msaada huo hufanywa wakati jua linawaka.

Huku Matuga, pwani ya Kenya, ngurumo zina majira yake. Kaskazi inapolegea na kusi haijashika, Machi ikielekea Aprili, joto hulundika mawingu marefu juu ya vilima vya Shimba, na mvua za mwanzo za masika hushuka na radi. Kufikia Mei kusi imeshika. Mvua huwa nyingi, lakini ngurumo hupungua. Hurudi tena na vuli, Oktoba na Novemba. Anayefuga mbwa Kwale mjini, Vuga au Waa ana vipindi viwili vya kujiandalia, na kabla ya kila kimoja ana wiki za ukavu za kutosha. Wiki hizo ndizo zinazopotea bure kila mwaka, kwa sababu jua likiwaka hakuna anayekumbuka mbwa alivyokuwa akitetemeka.

Mbwa mwenyewe anakumbuka. Upepo ukigeuka, kiza kikitanda mchana, harufu ya udongo uliolowa ikifika kutoka upande wa Golini, ameshajua kinachofuata. Mtazame kwa karibu. Kabla ya ngurumo ya kwanza ameshaiacha kazi yake. Anapiga miayo wala hana usingizi, analamba pua, masikio yamelala nyuma, mkia umeingia katikati ya miguu. Kisha anatweta mdomo wazi ilhali hewa imepoa, mate yanamdondoka, mapaja yanatetemeka hata akiwa amejilaza. Mtupie kichwa cha samaki, hakitazami. Radi ikipiga karibu atachimba chini ya mlango wa jiko mpaka kucha zitoke damu, au atautoboa ua wa makuti na kukimbia asikokujua.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Pennsylvania, Nancy Dreschel na Douglas Granger, waliwachezea mbwa waoga wa radi sauti ya dhoruba iliyorekodiwa, kisha wakapima kotisoli kwenye mate yao, ile homoni ambayo mwili huimwaga unapokuwa hatarini. Ilipanda kwa zaidi ya asilimia 200, na dakika 40 baadaye ilikuwa bado haijarudi mahali pake. Mbwa anayekuja kujibana miguuni mwako huku akihema hafanyi ukaidi wala deko. Damu yake imejaa hofu, na hofu hiyo haiondoki kwa kukemewa. Katika utafiti huo huo, mbwa waliokuwa wakiishi na mbwa wenzao walipoa upesi kuliko waliokuwa peke yao.

"Muache, atazoea." Ndivyo wasemavyo wengi, na kwa mambo mengi ya mbwa ni kweli. Kwa radi mara nyingi hutokea kinyume chake. Mwaka wa kwanza anaogopa mshindo. Wa pili anaogopa umeme unaomweka kabla ya mshindo. Wa tatu anaanza kutetemeka akiona wingu tu. Wala si mbwa wachache. Chuo Kikuu cha Helsinki kilipochapisha mwaka 2020 utafiti wake juu ya mbwa karibu 13,700 wa Finland, kuogopa sauti ndiyo hofu iliyoongoza kuliko zote, ikiwapata takriban asilimia 32 ya mbwa hao.

Jambo la kwanza la kushughulikia uani ni kamba. Sababu za kumfunga mbwa mchana tunazijua: kuku wa jirani, watoto wanaopita kwenda madrasa, wazee wanaokwenda msikitini na nguo safi ambao hawataki mbwa awarukie. Ni sababu za haki, sizibezi. Shida ni mahali anapofungwa. Katika maboma mengi mti ulio karibu na wenye kivuli ni mnazi au mwembe, basi mnyororo unazungushwa hapo, na mvua ikija ghafla hakuna anayetoka kwenda kuufungua.

Mnazi ulio peke yake shambani ndio mrefu kuliko vyote vilivyouzunguka, na radi hutafuta kirefu. Kila mtu wa pwani amewahi kuuona mnazi uliopigwa, kilele kimekauka, shina limesimama tupu kama mlingoti. Lakini umeme hauishii kileleni. Unashuka na shina, unaweza kuliruka na kumpiga kiumbe aliye karibu nalo, na ukifika chini unatawanyika ardhini kuelekea kila upande. Hapo mnyama wa miguu minne yuko hatarini kuliko mtu aliyesimama, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma inakanyaga sehemu mbili za ardhi zenye nguvu tofauti ya umeme, na mkondo unapanda mguu huu na kushukia ule ukipitia kifuani. Ndiyo maana radi moja huweza kuangusha ng'ombe kadhaa waliojikinga chini ya mti mmoja. Mbwa aliyefungwa kwa mnyororo wa chuma shinani mwa mnazi amewekwa mahali pabaya kuliko pote uani, hana pa kukimbilia, na nazi zinaangukia hapo hapo. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa kosa kumfunga mnyama kwa namna inayomletea mateso yasiyo ya lazima. Hata bila ya sheria, anayejua hatari hii hana udhuru.

Basi mfungue kabla. Ukiona umeme kisha ukahesabu polepole hadi usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Usingoje hesabu iwe fupi; ngurumo ya kwanza ikisikika tu, kwa mbali, ndio wakati wake, maana baada ya hapo wewe pia hupaswi kuwa chini ya mnazi. Kama uani hapana ua imara na ni lazima azuiwe, azuiwe chini ya paa, ubavuni mwa nyumba, kwa mkanda mpana unaopita kifuani na kamba ya kawaida. Shingo haifai, kwa sababu mbwa aliyepagawa huvuta bila kusikia maumivu, na akiruka kizuizi huku kamba imeshika anaweza kujinyonga.

Afunguliwe aende wapi? Hapa ndipo kiangazi kinapohitajika.

Mbwa mwenye hofu anatafuta mahali padogo, penye kiza, pakavu, penye mgongo wa kuegemea. Akikosa atajitengenezea: chini ya kitanda cha kamba kilichoachwa nje, nyuma ya mitungi, ndani ya tanuri la kuchomea chokaa lililokufa. Angalia mbwa wako alikojificha mvua iliyopita, kwa sababu ameshakuchagulia kiwanja. Jenga banda hapo au karibu na hapo, madhali si chini ya mti mrefu na maji hayatuami.

Kuhusu paa sina shaka hata kidogo: makuti. Mvua kubwa ikipiga mabati, watu waliomo ndani hulazimika kupaaza sauti ndipo wasikizane. Sikio letu likiwa changa husikia mawimbi ya hadi takriban 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika karibu 45,000, na ule mlio mkali wa matone juu ya bati unampata kwa ukali tusioupata sisi. Banda la mabati lililojengwa kwa mapenzi mema linaweza kuwa ndilo linalomfukuza. Makuti yaliyosukwa vizuri na kupangwa karibu karibu humeza sauti ya mvua, na joto la mchana pia. Kwa mwenye mabati tayari, tabaka la makuti juu yake linasaidia sana. Kuta ziwe za fito na udongo, nene, zisizo na dirisha. Udongo huzuia sauti na mmweko kuliko mbao nyembamba. Sakafu iinuliwe shubiri moja kutoka ardhini, kwa fito au mbao, na mfereji uchimbwe upande wa juu ili maji ya mtelemko yapite kando. Mlango uelekee kaskazini-magharibi, kwa kuwa mvua ya kusi hupiga kutoka upande wa pili, na uwe mwembamba, mbwa apite kwa kuinama kidogo. Tundika gunia mlangoni likatishe mwanga wa umeme, ila lisifungwe. Mbwa aliyefungiwa asiweze kutoka anaogopa banda pamoja na radi, na hataingia tena kwa hiari.

Kazi hii yote ni ya siku moja au mbili kwa anayejua kufunga fito. Kumzoesha ndiko kunakotaka subira. Banda lisimalizwe leo na mbwa akasukumwa humo kesho mvua ikinyesha. Wiki kadhaa kabla ya masika chakula chake chote kiwekwe humo: ukoko wa wali uliorowekwa mchuzi wa samaki, ugali na utumbo wa kuku, chochote anachokipenda. Ale humo, atoke atakapo. Akianza kulala humo adhuhuri bila kuitwa, banda limekuwa lake.

Linakuja suala la najisi, na nataka kulisema waziwazi kwa sababu wageni wanaoandika juu ya mbwa wa pwani hulipita au hulidharau. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, mate na umajimaji wa mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Siku ya mvua mbwa amelowa. Mama mwenye swala ya magharibi mbele yake hatamkumbatia mbwa aliyelowa, na hakuna haja ya kumtaka afanye hivyo. Kumsaidia mbwa hakuhitaji kumbatio. Kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa, kila aliyepita madrasa anakijua. Katika Suratul Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini, nje ya kikao chao na bado pamoja nao.

Umbali huo unamtosha. Nyumba nyingi za Matuga zina baraza au upenu mpana, na banda likijengwa likaelekeana na baraza hilo, mbwa anaweza kukuona na kukusikia. Kaa pale dhoruba ikiwa bado mbali, mlango wa nyumba ukiwa wazi nyuma yako, uzungumze kwa sauti yako ya kila siku. Radi ikikaribia ingia ndani, lakini endelea kuzungumza dirishani, au acha redio ipige kwa sauti ya wastani. Wako wanaohofia kwamba kumbembeleza mbwa ni kumfunza woga. Hofu si ujanja ambao mnyama anauendeleza kwa kuwa umelipwa. Huwezi kumwongezea mtu woga wa simba kwa kumshika mkono. Kinachoongeza woga ni fimbo na makelele, kwa sababu sasa dhoruba imekuja pamoja na adhabu. Kama anataka kujificha na hataki kuzungumzishwa, muache ajifiche.

Katika majumba ya Diani yenye kuta ndefu, ambako mwenye nyumba yuko Nairobi au Ulaya, mtu wa kukaa na mbwa ni mlinzi. Huyo ndiye anayepaswa kufundishwa na kuachiwa chakula cha kutuliza mbwa, na tena akumbushwe mwisho wa Desemba, maana fataki za mwaka mpya zinamtisha mbwa kwa njia ile ile.

Chakula hakitulizi tumbo peke yake. Mwaka 2020 Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alichapisha majibu ya wafugaji 1,225 kuhusu njia walizotumia kwa mbwa wanaoogopa fataki. Iliyosifiwa kuliko nyingi ni rahisi: kila mshindo unapolia, mbwa anapewa kitu kitamu papo hapo, au anachezeshwa. Zaidi ya asilimia 70 ya waliojaribu walisema imesaidia. Mpango ni huo: mshindo kwanza, kitamu baadaye, kila mara, mpaka mshindo uwe habari ya dagaa. Inafaa kuanza mapema, mbwa angali ana hamu ya kula, kwa kuwa akishapagawa koo limefunga. Mbwa ambaye hajaanza kuogopa naye atupiwe dagaa wake ngurumo zikilia, hasa mtoto wa mbwa wa kati ya wiki tatu na miezi mitatu, umri ambao mbwa hujifunza kipi cha kawaida duniani na kipi cha hatari.

Simu ya mkononi inaweza kutumika kiangazi. Rekodi ya dhoruba huchezwa kwa sauti ndogo mno, mbwa akiwa anakula bandani mwake, dakika chache tu. Ikiwa hageuzi sikio, siku nyingine ongeza kidogo. Akiinua kichwa na kuacha kula umeongeza mno, rudi nyuma. Usikimbilie sauti ya juu eti mvua inakaribia. Rekodi haileti upepo, giza wala harufu, kwa hiyo haiwezi kumwandaa mbwa kwa kila kitu, lakini inampunguzia mzigo mmoja.

Kuna mbwa wa aina moja ambaye mafunzo haya hayatamfaa peke yake: yule aliyekuwa jasiri miaka yote, kisha akaanza kuogopa radi uzeeni. Utafiti uliofanywa Brazil na Uingereza, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mbwa wenye maumivu ya mifupa na misuli walianza kuogopa sauti wakiwa na umri mkubwa kuliko wenzao wasio na maumivu. Mwili ukishtuka unakazana, na mahali penye kidonda panauma zaidi. Mbwa anafunga ngurumo na uchungu pamoja. Mbwa mzee wa shamba aliyewahi kugongwa na pikipiki, au kurarua msuli akifukuza nyani, apimwe nyonga na mgongo kwanza.

Kuhusu fulana za kubana kifua zinazouzwa ng'ambo, asilimia 44 tu ya wafugaji wa utafiti wa Bern waliozijaribu walisema zimesaidia. Sioni haja ya kuzitafuta. Ziko pia nguo zilizotengenezwa kuzuia umeme tuli unaosemekana kukusanyika kwenye manyoya. Zilipojaribiwa pamoja na nguo za kawaida zenye sura hiyo hiyo, tofauti ya maana haikuonekana.

Dawa ni jambo jingine, na kwa mbwa anayejiumiza kila dhoruba ni huruma kumpa, wala isionekane kwamba mwenye mbwa ameshindwa. Ziko zinazotuliza hofu yenyewe. Marekani imeidhinisha jeli ya deksmedetomidini ya kupaka kwenye ufizi, kwa kazi hii hasa, na zipo nyingine ambazo daktari huzichagua kwa uzito wa mbwa na hali ya moyo na ini lake. Muulize daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na umuulize kabla ya Machi. Akitaja asepromazini peke yake, mwombe akueleze zaidi, kwa sababu dawa hiyo hulegeza mwili bila ya kuondoa hofu: mbwa amelala chini, watu wanasema ametulia, kumbe ndani anasikia kila mshindo ila hawezi kukimbia. Ya dukani usimpe. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumuua mbwa, na vidonge vya usingizi vya binadamu havina kipimo unachoweza kukibahatisha.

Pamoja na yote haya, kuna usiku ambao mbwa atatoroka. Kutoka Waa au Tiwi hatua chache tu zinamfikisha kwenye barabara ya Likoni na Lunga Lunga, na huko magari hayamwoni. Akinusurika barabarani anaingia boma la watu asiowajua, amelowa, anatetemeka, mate yanamtoka, macho yamemtoka, haitikii jina lake. Watu watasema ana kichaa. Watachukua mawe, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu ni nadra mno kupona, na Kenya imejiwekea mpango wa tangu 2014 wa kukimaliza ugonjwa huo ifikapo 2030 kwa kuwa bado unaua. Hofu ya radi hupungua dhoruba ikipita. Kichaa hakiondoki na mawingu. Lakini mtu aliyesimama na jiwe usiku hana nafasi ya kungoja. Kwa hiyo chanjo ya kila mwaka, na mkanda wa shingoni ulioandikwa namba ya simu ya mwenyewe kwa wino usiofutika na maji, ni sehemu ya matayarisho ya masika sawasawa na banda. Waambie pia majirani, mvua hazijaanza: mbwa wangu mwekundu huogopa radi, mkimwona msimpige, nipigieni. Na yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa, hata na mbwa anayejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ukimtafuta, usimkimbize wala usiite kwa ukali. Angalia kalvati, chini ya magari yaliyoegeshwa, vichaka vya karibu, kwa kuwa wengi hujificha kabla ya kufika mbali. Ukimwona, chuchumaa ubavu umgeuzie, mwite kwa sauti ya kawaida, tupa chakula katikati yenu na usubiri aje mwenyewe. Akirudi nyumbani asipigwe. Apewe maji, aachwe alale, na kazi ya kulinda shamba usiku unaofuata ifanywe na mtu. Mchana jua likitoka anua gunia la bandani lianikwe, ziba pale makuti yalipovuja, zibua mfereji, na sahani yake ya jioni iwekwe humo humo.